Mawe ya Mwanza Hayana Hatia

Oktoba iliyopita nilikuwa nimepanga chumba Mabatini, kwenye nyumba ambayo ukuta wake wa uani umekaribia kugusana na jabali. Usiku mmoja nilirudi saa tano nikamkuta mama mwenye nyumba bado yuko nje, amejilaza kwenye mkeka, kanga ameitupia miguuni.

"Shikamoo mama. Bado hujaingia ndani?"

"Marahaba mwanangu. Niingie wapi? Ndani kunachemka. Haya mawe yanapika mchana kutwa, usiku yanatupakulia."

Nikamwambia, pengine tungeweka dari, maana nyumba yote ilikuwa mabati matupu juu ya vichwa vyetu. Akacheka kidogo. "Dari itahamisha mlima?"

Nilikosa jibu. Mimi ninayesoma fizikia ya hewa, niliyekwisha kumaliza shahada ya uzamili, nikaingia chumbani nikalala na jasho langu. Lakini lile swali halikunitoka. Maana maelezo ya mama si yake peke yake. Utayasikia kwa dereva wa bodaboda, utayasikia kwa mwalimu wa jiografia, na mimi nimeyasikia hata kwenye chumba cha semina, yamevalishwa suti tu: "Mwanza ina joto kwa sababu ya mawe yake, ziwa lake, na kukaa kwake bondeni." Watu wanatikisa vichwa, kikao kinaendelea.

Nina ugomvi na sentensi hiyo. Si kwamba kila neno ndani yake ni uongo. Ugomvi wangu ni kwamba inachanganya maswali matatu tofauti na kuyapa jibu moja, halafu jibu lenyewe linamfanya mtu akae na joto lake akiamini hakuna la kufanya. Tulichambue taratibu.

Kwanza: je, Mwanza ina joto lisilo la kawaida?

Kwa namna fulani, ndiyo. Shuleni tulifundishwa kwamba ukipanda juu, joto linapungua kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000. Tufanye hesabu. Dar es Salaam iko usawa wa bahari, na wastani wake wa mwaka ni kama nyuzi joto 26. Mwanza iko karibu mita 1,140 juu ya bahari. Zidisha, toa: Mwanza ingepaswa kuwa na wastani wa nyuzi 18 au 19. Lakini wastani wake ni kama 23. Kuna nyuzi nne hivi za ziada ambazo hesabu ya darasani haikuziona.

Hapo ndipo mtu wa mawe anarukia: "Umeona? Mawe hayo!"

Subiri kwanza. Tabora iko mita 1,190 hivi, haina ziwa kubwa mlangoni wala majabali kama yetu. Wastani wake? Kama 23. Dodoma iko mita 1,120, ina vilima vya mawe lakini haina ziwa, na ni kavu kuliko Mwanza kwa mbali. Wastani wake ni kama 22 au 23. Miji mitatu, kimo karibu kilekile, mmoja una ziwa na miwili haina, mmoja umejaa miamba na mwingine hauna, na wastani wa joto unakaribiana. Kama mawe au ziwa ndiyo yangekuwa chanzo cha zile nyuzi nne, Tabora ilizipata wapi?

Jibu ni uwanda wenyewe. Ile kanuni ya nyuzi 6.5 inaelezea vizuri hewa iliyoko angani. Hewa iliyoko mita 1,140 juu ya Dar es Salaam haijagusa ardhi. Inaelea tu, mbali na jiko. Na jiko la hewa ni ardhi: jua linapasha ardhi, ardhi inapasha hewa iliyo juu yake. Hapa kwetu bara, jiko zima limenyanyuliwa mita elfu moja na zaidi, kwa mamia ya kilomita kila upande. Hewa ya Mwanza inakaa juu ya jiko. Hewa ya kimo hichohicho juu ya Dar iko darini, mbali na moto.

Ndiyo maana ukilinganisha miji ya bara kwa bara, kanuni inarudi kufanya kazi vizuri. Nairobi iko karibu mita 660 juu zaidi ya Kisumu. Hesabu inasema tofauti iwe nyuzi nne na kidogo, na tofauti ya wastani wao kweli ni kama nne. Kosa letu lilikuwa kuanzia hesabu pwani.

Kwa hiyo swali la kwanza limejibiwa bila kumgusa jiwe yeyote. Mwanza si mji wa ajabu kwa wastani wake. Ni mji wa kawaida wa uwanda wa juu wa Afrika Mashariki.

Mawe: benki, si kiwanda

Sasa tuwape mawe haki yao. Jiwe halizalishi joto la kutosha kumsumbua mtu. Wajuaji watasema graniti ina chembechembe za urani na thori zinazotoa joto, na ni kweli. Lakini joto lote linalopanda kutoka ndani ya dunia hapa kwetu halifiki hata sehemu moja ya kumi ya wati kwa kila mita ya mraba. Jua la Mwanza, ukichukua wastani wa mchana na usiku, linatupa zaidi ya wati 200 kwa mita hiyohiyo. Ni sawa na kulinganisha mshumaa na moto wa tanuri.

Kazi ya jiwe ni nyingine: linatunza. Graniti inapitisha joto kwenda ndani vizuri kuliko udongo mkavu au mchanga. Kwa siku moja, joto la jua linazama kama sentimita 20 ndani ya jabali, halafu usiku linatoka polepole. Mchanga mkavu haufanyi hivyo. Joto linabaki juujuu. Jaribu mwenyewe: saa saba mchana kanyaga mchanga mkavu kwa mguu mtupu, halafu kanyaga jabali. Mchanga utakurusha kwanza. Rudi saa tatu usiku: mchanga umepoa, jabali bado lina uvuguvugu.

Kwa hiyo mama yangu wa Mabatini alikuwa na nusu ya ukweli, na nusu hiyo aliisema vizuri kuliko sisi: mchana yanapika, usiku yanapakua. Nusu iliyokosekana ni kwamba benki haiongezi pesa kwenye uchumi wa nyumba yako. Jiwe linachukua mchana kile linachokurudishia usiku. Lingekuwa halipo, mchana hewa jirani yake ingekuwa na joto zaidi na usiku pungufu. Linabadilisha saa ya joto. Mkopo wenyewe haliukuzi.

Na hapa kuna jambo ambalo tunalisahau. Mwaka 1818 Mwingereza Luke Howard alianza kuchapisha kitabu chake kuhusu hali ya hewa ya London. Alikuta kwamba katikati ya jiji kuna joto zaidi kuliko mashambani, na kwamba tofauti hiyo ni kubwa zaidi usiku. London haina majabali kama ya Mwanza. Ina nini basi? Ina nyumba. Matofali, barabara na kuta vinafanya kazi ileile ya jabali, na tofauti ni kwamba kuta tunazijenga wenyewe na tunalala katikati yake. Ukuta wa tofali za saruji ni jiwe ulilonunua. Kwa mtu anayelala Mabatini, jiwe linalomnyima usingizi haliko nyuma ya nyumba. Linamzunguka pande nne.

Ziwa: inategemea upepo unatoka wapi

Hoja ya ziwa inasikika kwa namna mbili zinazopingana. Wengine wanasema ziwa linapooza mji, wengine wanasema linaleta joto la kunata. Wote wanasema kweli, kila mmoja kwa saa yake.

Maji ya juu ya Ziwa Victoria yanakaa kwenye nyuzi 24 hadi 26 hivi karibu mwaka mzima. Mchana wa Oktoba, ardhi ya Mwanza ikiwa imepanda hadi 29 au 30, ziwa ni kitu baridi, na hewa inavuma kutoka ziwani kuja mjini. Ndio ule upepo wa alasiri unaowafurahisha watu wa Capri Point. Usiku mambo yanageuka. Nchi kavu inashuka hadi 18 hivi, ziwa linabaki palepale. Sasa ziwa ndilo lenye joto, na upepo unatoka mjini kwenda majini. Wavuvi wa dagaa, wanaofanya kazi usiku na taa zao, wanaujua upepo huo wa bara kuliko mimi, na wanajua pia kwamba dhoruba mbaya za ziwani hupenda usiku. Joto lile la maji ni sehemu ya sababu.

Lakini kama unataka kuona nguvu halisi ya ziwa, acha Mwanza, panda meli uende Bukoba. Ziwa ni lilelile, kimo ni kilekile, lakini Bukoba mchana kwa kawaida inaishia 25 au 26, na mvua yake ya mwaka ni kama milimita 2,000, karibu mara mbili ya Mwanza. Kwa nini? Upepo mkuu wa sehemu zetu unatoka kusini-mashariki. Unapofika Mwanza na Musoma umetembea juu ya nchi kavu. Unapofika Bukoba umevuka ziwa zima, umebeba mvuke, na unaushusha kama mawingu na mvua.

Maana yake ni kwamba tumekuwa tukiuliza swali kichwa chini. Mji wa ajabu hapa si Mwanza. Ni Bukoba, ambayo ni baridi kuliko inavyostahili kimo chake. Mwanza, pamoja na kukaa ukingoni mwa maji yenye eneo la kilomita za mraba karibu 69,000, kwa wastani wa joto inafanana na Tabora.

Bonde: hoja iliyoazimwa

Hoja ya bonde ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu imeazimwa mahali ambako ni ya kweli ikaletwa mahali ambako haifai.

Ipo miji ya mabondeni yenye joto kuliko majirani zake. Moshi ina joto kuliko Arusha, na sababu kubwa ni kwamba iko chini kwa mita 500 na zaidi. Kisumu imekaa kwenye bonde la ufa dogo linaloelekea ziwani, na miinuko ya Nandi kaskazini-mashariki. Mchana wake unafika 29 au 30. Kule Marekani kuna Bonde la Kifo, lililo chini ya usawa wa bahari, ambako mwaka 1913 kilirekodiwa kipimo cha nyuzi 56.7. Hewa inayoteremka mlimani inabanwa na uzito wa hewa iliyo juu yake, na ikibanwa inapata joto, karibu nyuzi 10 kwa kila mita 1,000 ikiwa ni kavu. Ukishawahi kujaza upepo tairi la baiskeli ukagusa pampu, unajua ninachosema.

Lakini angalia vipimo. Hayo yote yanahitaji mteremko wa mamia au maelfu ya mita. Vilima vya Mwanza juu ya ziwa ni vidogo. Mita 100 zinakupa nusu nyuzi na kidogo. Na kama urefu wa kilima ndio ungekuwa siri, basi Capri Point, ambayo inagusa maji kabisa, ingekuwa kwenye kundi la wenye joto.

Isitoshe, bonde usiku hufanya kinyume na wanavyodai. Hewa baridi ni nzito, inatiririka kwenda chini kama maji. Waulize wakulima wa Njombe na Makete, ambako sakitu inaunguza mazao: bondeni ndiko inakoanzia. Kwa hiyo bonde la Mto Mirongo, kwa asili yake, lingepaswa kuwa mahali pa kulala vizuri. Hewa iliyopoa kwenye vilima ingeteremka usiku, ipite Mabatini, iende zake ziwani.

Kwa nini mama haioni hewa hiyo? Kwa sababu njia yake imezibwa. Nyumba zimebanana ukuta kwa ukuta kutoka kilimani hadi mtoni. Kila ukuta unatazamana na ukuta mwenzake badala ya kutazama anga, kwa hiyo joto ambalo lingepotelea angani linatoka ukuta huu na kuingia ule. Bonde halina kosa. Ni namna tulivyolijaza.

Kilichobaki

Tumetoa uwanda, mawe, ziwa na bonde. Kimebaki nini juu ya kichwa cha mama? Bati.

Bati ni kinyume cha jiwe. Ni jembamba mno kutunza chochote. Jua likitoka linapanda haraka, na mchana wa jua kali linaweza kupita nyuzi 50. Bila dari, joto hilo linamulika moja kwa moja kuta, kitanda na watu. Jua likizama bati linapoa upesi, lakini kuta zimeshakula shibe yake na zinaanza kulipa. Madirisha tunayafunga kwa sababu ya mbu na wezi. Ndani wamelala watu wanne, na kila mwili unatoa joto. Hapo huhitaji jabali.

Sasa angalia kinachotokea kwenye takwimu. Kipimo rasmi kinachotajwa kwenye taarifa ya habari ni cha kituo cha hali ya hewa: themometa ndani ya kisanduku cheupe chenye matundu, juu ya majani, mahali penye nafasi, kule uwanja wa ndege. Sikilaumu kituo. Kimewekwa hivyo makusudi, ili Mwanza ilinganishwe na Tabora na dunia nzima bila upendeleo. Lakini sisi tunakiuliza swali ambalo hakikuwekwa kulijibu. Kinapima hewa ya Mwanza. Hakipimi chumba cha Mabatini. Mtafiti akichukua namba hiyo akaandika kwamba usiku wa mji ulikuwa nyuzi 19, hajasema uongo, ila amewaacha nje ya karatasi yake watu waliolala nje ya nyumba zao. Kwenye jiji ambalo sensa ya 2022 iliwakuta watu zaidi ya milioni moja, wanaoachwa hivyo si wachache.

Na hili ndilo linalonifanya niandike kwa hasira kidogo. "Ni mawe" ni jibu zuri sana kwa kila asiyetaka kuulizwa. Mwenye nyumba za kupangisha hatawekewa swali la dari, kwa kuwa ni mawe. Wapimaji wa viwanja hawataulizwa kwa nini hawakuacha njia ya hewa wala nafasi ya miti, kwa kuwa ni mawe. Na sisi watafiti hatutaulizwa kwa nini hatujabisha hodi na themometa, kwa kuwa mawe yanaonekana hata kwenye ramani.

Ukosoaji usiojiweka hatarini ni kelele, kwa hiyo niseme pia ni nini kingenionyesha kwamba nimekosea. Chukua vyumba viwili vya mtaa mmoja, vyote vimeegemea jabali, kimoja kina dari na matundu ya kutolea hewa juu, kingine hakina. Weka themometa katikati ya kila chumba, mbali na ukuta, uandike saa nane mchana na saa tano usiku kwa wiki mbili. Tofauti ikiwa ndogo, basi jabali ndilo bosi na mimi nitamwomba mama msamaha. Halafu chukua nyumba mbili zenye mabati yaleyale bila dari, moja imeegemea jabali, nyingine iko mbali nalo. Hizo mbili zikiachana sana kuliko zile za kwanza, nimeshindwa tena. Themometa nne na daftari, hakuna ufadhili unaohitajika.

Nilirudi kumsalimia mama mwezi wa pili mwaka huu. Nikamweleza habari ya Tabora, jinsi ilivyo na joto kama letu bila mawe haya. Akanyamaza kidogo, akauliza, "Kwa hiyo Tabora nao wanalala nje?"

Nikasema, wasio na dari, nadhani wanalala nje.

Akatazama juu, kwenye mabati. Safari hii hakuutazama mlima. "Dari ya chumba kimoja," akauliza, "ni mbao ngapi?"